Mkono Uliobebeshwa Parachichi

Asubuhi ya kupakia lori, mke wa mwenye kitalu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, utepe wa nailoni ameuvaa mkononi kama bangili, akifunga miche. Alivuta utepe, akauzungusha shinani kutoka chini kwenda juu, akaukata kwa meno, akakisukuma kiriba kwa mguu na kuvuta kingine. Dereva wa lori alikuwa amelala ndani ya gari, miguu ameitoa dirishani, redio inatangaza mpira.

Kitalu kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye kiwanja chembamba kilichokwenda mbali kuliko mtu alivyotarajia. Wavu mweusi wa kivuli ulitandazwa juu ya nguzo, na chini yake viriba vilipangwa safu kwa safu, vimejaa udongo na samadi: michungwa, miti ya mbao, maua ya uzio, na zaidi ya yote miparachichi. Waliuza kwa jumla tu. Mtu akija kutaka mche mmoja wa kupanda nyuma ya jiko aliambiwa kwa heshima aende sokoni, ambako angeuziwa mche uleule kwa maneno mengi zaidi.

Mparachichi ulioota kwa kokwa hauna haraka na mtu. Unaweza kukaa miaka minane, hata kumi, ukitoa majani tu, na ukija kuamua kuzaa unazaa tunda unalolitaka wenyewe. Mche wa kubebeshwa ni habari nyingine. Unakatwa kichwa, unachomekwa kijiti kilichotoka kwenye mti uliokwisha kuzaa, kijiti hicho kinaitwa kikonyo, na pale vinapokutana panafungwa utepe mpaka vishikane. Baada ya miaka mitatu mtu anakula matunda. Ndiyo maana wanunuzi wakiona utepe hutabasamu kabla hata hawajasalimia.

Mwanzoni walibebesha kweli. Kwenye kona ya kitalu ulikuwapo mparachichi mmoja mzee waliouita Mti Mama, na kila kikonyo kilitoka humo. Lakini Mti Mama ulikuwa mmoja na malori yalikuwa mengi. Siku moja dereva akapiga honi wakati mzigo haujatimia, mke akachukua miche ya kokwa iliyokuwa karibu akaifunga utepe ili ifanane na wenzake. Hakusema uongo. Alifunga tu. Mnunuzi ndiye aliyesema, "Hii ya kubebeshwa imetoka vizuri," na haikuwa desturi yao kumkatiza mteja akiwa anaongea. Tangu siku hiyo kazi iliwaendea vizuri mno, na kile kisu cha kubebeshea kikahamia jikoni kumenya machungwa.

Mtu pekee ambaye mwenye kitalu alikusudia kumtendea haki alikuwa shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea. Wazazi wake walipofariki, ndugu wa baba walikaa kikao kirefu wakijadili ni nani mwenye nafasi nyumbani kwake, na walipokuwa bado wanajadili, shangazi alimshika mtoto mkono akaondoka naye. Alikulia kwenye shamba la shangazi, kipande cha urithi kilichokuwa pembeni ya barabara ya lami, ambacho kaka yake shangazi, yaani Baba Mkubwa, hakuwahi kukipita bila kugeuza shingo.

Shangazi alipoamua kung'oa mihogo apande miparachichi, mwenye kitalu alimwambia, "Shangazi, wewe sikupi ya lori." Akakitoa kisu jikoni, akakinoa, akaketi chini ya Mti Mama akabebesha miche ya kweli kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, ulimi ameutoa nje kidogo kama alivyokuwa akifanya utotoni akiandika. Akaifunga utepe. Akaiweka pembeni.

Kosa likafanyika hapo. Mke, ambaye hapendi kitu kukaa pembeni, alipanga upya safu zote ili kitalu kionekane nadhifu. Siku ya kumpelekea shangazi miche yake, mwenye kitalu alisimama katikati ya utepe mtupu. Kila shina limefungwa, kila fundo limefanana na lenzake. Angeweza kufungua mmoja mmoja akatazama, lakini dereva wa pikapu alikuwa anapiga honi. Basi akachagua iliyomtazama kwa uaminifu, akajihakikishia moyoni kwamba ndiyo yenyewe, akaipakia. Ile ya kweli ilipanda lori baadaye ikaenda kumzalia mtu asiyejulikana, ambaye bila shaka hadi leo anakisifu kitalu kile.

Miaka ikapita. Miparachichi ya shangazi ikarefuka kuliko paa la nyumba yake, yenye afya, yenye majani ya kung'aa, na haikutoa hata ua moja la kumtuliza mtu moyo. Wakati huohuo Baba Mkubwa akapata tajiri aliyetaka kiwanja cha kujenga sehemu ya kuoshea magari. Kikaitishwa kikao cha ukoo. Ikaamuliwa hivi: kuanzia msimu unaokuja ukoo utapita kila mwaka kukagua, shamba likizaa, shangazi atabaki nalo, lisipozaa, litauzwa, na yeye atahamia chumba cha uani kwa Baba Mkubwa, kile chenye friji mbovu na matairi ya zamani. Shangazi alikubali bila ubishi. Miche ilikuwa imetoka kwa mtoto wake wa kulea, na kwake hilo lilitosha.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi ya lori. Tawi moja la Mti Mama lilikuwa limeulemea wavu wa kivuli na kuanza kuuchana. Mwenye kitalu alipanda ngazi kulikata. Kisu kikateleza kikampasua mkono wa kushoto chini ya kiwiko, mpasuo mrefu na safi, na kijiti kutoka kwenye lile tawi kikadondokea humo kikasimama wima. Akashuka ngazi taratibu, akamwendea mkewe, akamnyooshea mkono.

Mke hakuinua kichwa. Dereva alikuwa ameamka na honi inalia. Alichokiona mbele yake ni kitu kilichopasuliwa na kikonyo kimechomekwa, akavuta utepe, akauzungusha kutoka chini kwenda juu, akaukata kwa meno, akamsukuma mumewe kwa mguu.

"Umenifunga?" aliuliza mwenye kitalu.

"Nimekufunga. Sogea, unanizibia."

Alifunga vizuri, maana alikuwa na mazoea. Hewa haikuingia wala maji hayakuingia. Wiki kadhaa baadaye, kwenye zahanati, muuguzi alifungua utepe, akakigusa kijiti kwa kidole, akakitingisha kidogo. Kilikuwa kimechipua majani mawili mekundu, madogo, ya kung'aa.

"Kimeshika," alisema muuguzi.

"Kitolewe?"

"Kikishashika hakitolewi, utaumiza vyote viwili. Kunywa maji mengi, usilalie upande huo, na jua la asubuhi usilikose." Akamchoma sindano ya pepopunda kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, akamwita mgonjwa anayefuata.

Maisha yalibadilika, lakini si sana. Mwenye kitalu alianza kulala mkono ameutoa dirishani. Alipotembea barabarani, mbuzi wa jirani alimfuata, na akisimama kuongea na mtu ilimbidi aongee huku anazunguka. Fundi cherehani alimpima akamuuliza kama mwakani tawi litanenepa, ili aache nafasi ya kutosha, kisha akashauri wakate mikono yote miwili ya mashati ili mtu asionekane ameshonewa nusu. Mke alilalamika siku mbili tatu kuhusu majani yanayodondoka kitandani, halafu akaanza kuyakusanya na kuyatupa kwenye shimo la mboji pamoja na mengine.

Kwa kuwa kikonyo kilitoka kwenye mti uliokwisha kuzaa, hakikuwa na haja ya kukua kwanza. Msimu wa maua ulipofika mkono ulichanua wote, vishada vya rangi ya manjano iliyopauka, na nyuki wakawa wanamsubiri mlangoni kila asubuhi. Maua mengi yalianguka. Mengine yakashika, yakawa vijitunda, vijitunda vikawa maparachichi ya ukweli, yenye ngozi ya kijani iliyokwaruza, mazito kiasi kwamba mwenye kitalu akawa anatembea ameinama upande mmoja, ameufunga mkono wake kwa kitenge shingoni.

Mke ndiye aliyeona kazi ndani yake. Alimwekea mumewe kiti langoni, akamwita fundi rangi akaandika kwenye ubao: MICHE YA KUBEBESHWA, INAZAA UPESI, ULIZA MWENYEWE. Wanunuzi wa jumla walishuka kwenye malori, wakapapasa matunda, wakageuza majani kutafuta wadudu.

"Hii inachukua muda gani?" waliuliza.

"Huyo tulimfunga msimu uliopita tu," mke alijibu, akimwonyesha mumewe kwa kidevu huku mikono yake ikiendelea kufunga.

Na ilikuwa kweli. Halikuwapo neno hata moja la uongo kwenye jibu lile. Malori yakaongezeka, utepe ukawa unaagizwa kwa maboksi. Mwenye kitalu aliona aibu, hilo tusimnyime, lakini ilikuwa aibu ya watu waliozoea: ilimpata asubuhi akipiga mswaki, na ilipofika saa ya chai ilikuwa imekwenda zake.

Kisha shangazi akaja. Alikuja mchana wa jua kali, ameshika mfuko wenye tawi la mmoja wa miti yake, ili mtoto wake aliangalie aseme lina tatizo gani. Zilikuwa zimebaki siku chache ukoo upite kukagua shamba.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, baba. Mkono umefanya nini?"

"Umebebeshwa."

"Aha." Shangazi aliuweka mfuko chini, akavaa miwani, akaushika mkono kama alivyokuwa akiushika zamani kuangalia kama mtoto amenawa. Akapapasa pale kikonyo kilipokutana na mkono. Palikuwa na fundo, nene, limekaa mshazari, upande huu ngozi na upande ule gome. "Kumbe mti uliobebeshwa unakuwa na hili fundo."

"Unakuwa nalo."

"Halifutiki?"

"Halifutiki, Shangazi. Mpaka unakufa linaonekana."

Shangazi aliuachia mkono. Akaenda kwenye safu ya karibu, akainama, akafungua utepe wa mche wa kwanza. Shina lilikuwa limenyooka, laini, kutoka kwenye udongo mpaka kileleni, halina fundo wala kovu. Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu. Mke wa mwenye kitalu, kwenye ndoo yake, aliacha kufunga kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hapa pamefungwa nini na nini?" aliuliza shangazi.

Mwenye kitalu alimfuata hadi kwenye safu, ameushikilia mkono wake mzito.

"Ya kwako niliibebesha kweli," alisema. "Kwa mikono yangu, Shangazi, nakuapia. Ilichanganyika tu."

"Ilichanganyika na nini?"

Akainamisha kichwa. Parachichi moja lilimgonga kwenye paja.

Shangazi hakupiga kelele. Iliumiza zaidi kwa sababu hiyo. Alivua miwani, akaifuta kwa khanga kwa muda mrefu, na macho yake yalipoonekana yalikuwa mekundu. "Ungeniambia ni ya kokwa," alisema, "ningeisubiri kama ya kokwa. Nisingesimama mbele ya watu nikawaahidi."

Mwenye kitalu alilia. Alilia kwa kwikwi, matunda yakitikisika, mpaka mkewe akaja kuyashikilia yasikatike. Akaleta na kigoda, akaleta chai. Shangazi alikunywa chai yote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha chai, halafu akakitazama tena kile kikonyo.

"Huu mkono si unatoa vijiti? Mkivikata mkavichomeka kwenye miti yangu, si itazaa?"

"Itazaa," alisema mwenye kitalu. "Tunaikata kwa juu, tunachomeka kila mti chake. Miaka miwili tu."

"Basi kateni."

"Sasa hivi ana matunda," mke aliingilia, kwa upole, kama mtu anayemsemea mgonjwa. "Mti wenye matunda haukatwi vikonyo, Shangazi. Ngoja tuvune kwanza."

Shangazi aliwaza. Kikao kingewahi kabla ya vikonyo, hilo lilikuwa wazi kwa wote watatu. Akasimama, akachukua mfuko wake. "Siku ya kikao uje shambani mapema," alimwambia mwenye kitalu. "Usile sana."

"Nije kufanya nini?"

"Kusimama."

Kwenye shamba la shangazi, katika safu ya kati, palikuwa na pengo ambapo mti mmoja ulikufa ukiwa mdogo. Shangazi alikuwa amechimba hapo kishimo kisicho na kina. Mwenye kitalu alivua viatu, akakunja suruali, akaingiza miguu. Shangazi akamfukia mpaka kwenye vifundo, akashindilia udongo kwa kisigino, akammwagia keni ya maji kama alivyoimwagia miti mingine yote asubuhi ile. Maji yalikuwa ya baridi. Mwenye kitalu alisimama ameunyoosha mkono wa kushoto kando, na kwa kuwa miti ilikuwa mirefu, alipata kivuli kizuri.

Ukoo ukafika. Alikuwapo Baba Mkubwa, mbele, na fimbo yake. Alikuwapo Baba Mdogo, ambaye alikuja kwenye vikao vyote na hakupenda vichelewe kuisha kwa sababu ya chakula. Nyuma yao alikuja tajiri wa kuoshea magari, ambaye hakuwa wa ukoo, lakini alikuwa ameleta futi ya kupimia. Walipita safu ya kwanza: majani. Wakapita ya pili: majani. Tajiri akaanza kuikunjua futi yake. Safu ya kati wakasimama.

"Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba," walijibu wote wawili. Baba Mkubwa akamtazama juu mpaka chini. "Wewe unafanya nini hapo?"

"Nipo kwenye safu."

Baba Mkubwa akageuka kwa dada yake. "Tulisema miti."

"Mlisema shamba," alijibu shangazi. "Shamba likizaa. Haya, hilo ni shamba, na hayo ni matunda."

Ukatokea mjadala. Baba Mkubwa alitaka kujua kama mtu huyu amepandwa au amesimama tu. Wakachungulia miguu, ilikuwa imefukiwa, na udongo ulikuwa umelowa. Tajiri akasema amepandwa leo leo. Baba Mdogo akasema kila kinachopandwa hupandwa siku fulani, na kwamba jua linazidi kupanda. Baba Mkubwa akakiri hilo, lakini akashikilia kwamba lazima zao liwe la shamba hili, si zao la kuazima kutoka kwingine, la sivyo kila mtu angekuwa anaazima.

Shangazi alisogea akasimama karibu na mwenye kitalu, bega kwa bega.

"Mlipokuwa mnajadili nani ana nafasi, mimi nilimleta hapa," alisema. "Alikuwa haongei. Nimemlisha hapa. Pale kwenye pipa ndipo nilipomwogesha. Ule mlango wa jiko una alama za urefu wake, penseli nzima imeishia hapo. Kama huyu si zao la shamba hili, niambieni ni zao la wapi, nimrudishe."

Baba Mkubwa alitazama fimbo yake. Alikuwa amekikumbuka kikao kile cha zamani, ilionekana usoni, na haikuwa kumbukumbu nzuri. Akakohoa. Akanyoosha mkono, akalibonyeza parachichi kubwa kuliko yote kwa kidole gumba.

"Limekomaa," alisema. "Basi. Shamba limezaa."

Tajiri aliikunja futi yake. Baba Mdogo alisema alhamdulillahi na kuanza kuelekea nyumbani kwa shangazi, ambako moshi wa jikoni ulikuwa umeonekana tangu walipofika. Mambo yangeishia hapo na watu wangekula, lakini Baba Mkubwa hakuondoka. Alibaki amelishika lile tunda, anapitisha kidole kwenye fundo la mkono.

"Hii imechukua muda gani?" aliuliza.

"Msimu mmoja, Baba Mkubwa."

"Na hii mingine hapa?"

"Hiyo ni ya zamani," alisema mwenye kitalu.

"Ya zamani, ndiyo." Baba Mkubwa akateremsha sauti, akamgeuzia tajiri mgongo. "Mwanangu, mimi nimestaafu. Hili shamba nilikuwa nalitafutia tajiri kwa sababu sina kingine. Nina lile bonde langu, limekaa bure. Nataka nipande kitu kinizalie ningali na meno." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyezoea kuomba. "Lori moja zima. Hii ni ya kitaluni kwako, si ndiyo? Ya kubebeshwa?"

Mwenye kitalu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, lilikuwa fupi, na lilikuwa limemkaa kooni tangu siku shangazi alipofungua ule utepe. Lakini akisema kwamba utepe wa kitaluni kwake haujafunga kitu na kitu, Baba Mkubwa atageuka aitazame safu nzima ya miti hii mirefu, atauliza basi hii imefungwa nini, na ataelewa kwamba haitazaa mwakani wala mwaka utakaofuata. Tajiri alikuwa bado hajapanda gari. Futi ilikuwa bado ipo mkononi mwake.

Alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama chini, kwenye udongo aliokuwa ameushindilia mwenyewe.

"Ndiyo, Baba Mkubwa," alisema mwenye kitalu. "Ya kubebeshwa."

"Mungu akubariki," alisema Baba Mkubwa, na alimaanisha.

Wageni walipoondoka, shangazi alilichuma lile parachichi kubwa, akalipasua kwa kisu cha jikoni, akalitia chumvi. Wakala wawili, mwenye kitalu akiwa bado miguu iko ardhini, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfukua. Lilikuwa na mafuta, halina nyuzi hata moja, tunda ambalo mtu angelisubiri miaka kumi kwa roho safi. Shangazi alilisema hilo kwa sauti. Kisha akaliosha kokwa, akalikausha kwa khanga, akaliweka kwenye kiganja cha kulia cha mwenye kitalu.

"Chukua," alisema. "Hili sitaki likae hapa."

Mwenye kitalu alirudi nalo kitaluni mfukoni. Hakujua la kufanya nalo, na mtu wa kitalu asipojua la kufanya na kokwa hulifukia. Akalitia kwenye kiriba, akalimwagia maji, akaliweka mwisho wa safu. Likaota. Shina liliponenepa kufikia unene wa penseli, mke alipita na ndoo yake, akaketi, akalizungushia utepe kutoka chini kwenda juu, akaukata kwa meno, akakisukuma kiriba kwa mguu, akavuta kingine.

Lori la Baba Mkubwa lilikuja asubuhi tulivu. Alikuja mwenyewe, amevaa koti, akasimama anahesabu viriba kwa furaha na kuwaambia wapakiaji wasiyavunje majani. Katikati ya kupakia, simu ya mwenye kitalu ikaita. Alikuwa shangazi.

"Vile vikonyo vyangu," alisema baada ya salamu. "Matunda si yamekwisha?"

"Yamekwisha, Shangazi. Lakini wateja walikuwa wengi, siku zikapita, na sasa mkono umechanua tena. Na ukishachanua haukatwi."

"Haukatwi."

"Mpaka tuvune."

Upande wa pili wa simu kulisikika keni ikijaa maji. Dereva alipiga honi. Mwenye kitalu alikuwa ameuinua mkono wake juu, mbali na njia, ili wapakiaji wasipukutishe maua.

"Sawa," alisema shangazi. "Basi kile kishimo nisikifukie."

"Usikifukie," alisema mwenye kitalu.